Dubai Niliyoijua kwa Miguu

Vijana wa siku hizi wakiitaja Dubai huitaja kwa urefu wake. Wajukuu zangu wanajua kwamba Burj Khalifa ina mita 828 na kwamba ilifunguliwa Januari 2010, na wanaweza kuichora hata wakiwa wamefumba macho. Mimi nilipoiona Dubai mara ya kwanza, mwaka 1986, jengo refu lilikuwa moja tu, la ghorofa 39, limesimama peke yake pembezoni mwa mchanga kama mgeni aliyefika mapema kabla ya shughuli. Mji wenyewe ulikuwa chini, kwenye gati na vichochoro, na sisi tuliujua kwa miguu.

Nayaandika haya kwa sababu naona Dubai inasimuliwa vibaya. Inasimuliwa kana kwamba iliota jangwani usiku mmoja kwa nguvu ya mafuta. Mimi nilichokikuta kule ni bandari, nami nilitoka kwenye bandari. Niliitambua kazi yake kabla sijaambiwa chochote, na kuitambua kule kuliniuma.

Lazima nieleze hali tuliyotoka nayo. Unguja ya miaka ile ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na watu wake walikuwa wakipanga foleni ya sabuni, ya sukari na ya mchele. Khanga mpya ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mwaka 1984 ndipo serikali ilipolegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha amezipata wapi. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Muungano, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Ruksa ile iliwakuta wanawake wa Mji Mkongwe wameshajipanga. Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, alikuwa mshonaji, na alikuwa na jamaa Muscat waliokuwa wakimtumia chochote kila Idd. Akauza bangili zake, akachanganya na akiba ile, akaniita.

"Wewe umesoma skuli, unajua hesabu," aliniambia. "Utaandika. Mimi nitapatana bei."

Viza aliitafuta mjomba, binamu ya mama, aliyekuwa karani katika Bandari ya Rashid. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa kijana, akapitia Mombasa na Kuwait hadi akatua Dubai. Tukaruka kutoka Dar es Salaam, tukalala Muscat kwa jamaa wa Ruwi, ambako niliamkiwa kwa Kiswahili cha Malindi ya Unguja na mtoto aliyezaliwa Oman na hajaiona Malindi hata siku moja. Kesho yake tukaingia Dubai. Ilikuwa Shaaban, Ramadhani ikinukia, na joto lilikuwa limeshaanza kukusanya nguvu.

Nyumba ya mjomba ilikuwa Deira, ghorofa ya juu kwenye jengo lenye vyumba vidogo na viyoyozi vilivyonguruma mchana kutwa. Shangazi, mkewe, alinifundisha jambo la kwanza kuhusu kuishi jangwani: kiangazi kikikolea, matangi ya maji yaliyo juu ya paa huchemka kwa jua, kwa hiyo watu huzima hita na kuyaacha maji yakae ndani yake yapoe. Bomba lenye alama nyekundu ndilo huwa la maji ya baridi, na lenye alama ya buluu ndilo huunguza. Sikumwamini mpaka alipoapa.

Lakini asubuhi ya kwanza mjomba hakutuonyesha jangwa. Alitupeleka kwenye hori. Hori ya Dubai ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kilomita kadhaa hadi Ras Al Khor, kwenye maji mafupi wanakosimama heroe. Upande mmoja ni Deira, upande wa pili Bur Dubai, na katikati zinapita abra, mashua pana za mbao zenye benchi katikati. Abiria hukaa wamepeana migongo, wakitazama maji, na mwendeshaji huwa ameingia kwenye shimo katikati ya chombo, kichwa chake kikilingana na magoti ya abiria. Ukishuka unalipa sarafu ndogo. Mama mkubwa alipanda huku akikusanya buibui lake, akakaa, akavuta pumzi. Harufu ilikuwa ya dizeli, chumvi na mbao zilizopakwa sifa. "Funguni hii," akasema, akilikumbuka gati la majahazi la kwetu Unguja.

Na kweli ilikuwa Funguni, ila Funguni yenye mali. Kando ya gati la Deira majahazi yalifungwa ubavu kwa ubavu, safu tatu na nne, mpaka mabaharia wa chombo cha nje walipita juu ya vyombo vya wenzao kufika nchi kavu. Mizigo ilirundikwa barabarani: mafriji ndani ya maboksi, magurudumu ya malori, magunia ya mchele, katoni za chai, redio, mashine za kushonea. Hapakuwa na uzio, na mlinzi sikumwona. Watu walipita katikati ya mali ile wakiwa na shughuli zao. Maandishi ya chaki na rangi kwenye katoni yalitaja Bandar Abbas, Berbera, Mogadishu. Iran ilikuwa vitani na Iraq tangu 1980, na meli za mafuta zilikuwa zikipigwa katika Ghuba. Zilizojeruhiwa zilivutwa hadi kwenye chelezo kubwa ya Dubai kutengenezwa. Hata hivyo jahazi la mbao lililobeba mafriji lilikuwa likivuka usiku kwenda upande wa pili. Nilishangaa kwamba vita na biashara vilikuwa vikifanyika kwenye maji yale yale, kila kimoja kikimwona mwenzake.

Hapo gatini ndipo tulipomkuta mzee aliyekaa juu ya robota la kamba. Alisikia tunavyosema, akainua uso.

"Nyie watu wa Unguja?"

Kiswahili chake kilikuwa cha baharini, kifupi, maneno yote mahali pake. Alikuwa nahodha kabla ya kustaafu. Mama mkubwa akamwamkia kwa heshima ya mtu mzima, akamwita baba. Mzee akauliza kama Malindi bado inauza papa mkavu, kama msikiti wa Ijumaa bado uko karibu na bandari. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa wakati ule.

"Na Simba Uranga? Boriti bado wanakata?"

Simba Uranga ni mmojawapo wa milango ya mto Rufiji. Mabumu na masambuku ya Ghuba yalikuwa yakishuka na kaskazi, yamebeba tende, chumvi na papa, yakauza Lamu, Mombasa na Unguja, kisha mengine yakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko na kungoja kusi iyarudishe kwao. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na bumu la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, akaandika kitabu juu ya safari ile. Mzee wetu hakuhitaji kitabu. Alituambia juu ya mbu wa delta, juu ya tope linalofika mapajani, juu ya boriti zilizohesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na juu ya wenzake waliorudi na homa na wengine wasiorudi. Alisema yote hayo bila kulalamika. Mama mkubwa alisimama juani akimsikiliza mpaka mjomba akamshika mkono.

Siku kadhaa tulizitumia sokoni, na sina haja ya kuzieleza sana, kwa kuwa soko ni soko. Asubuhi tuliingia Bur Dubai kwenye maduka ya vitambaa, mchana maduka yalifungwa tukarudi kulala, na baada ya Alasiri yalifunguliwa tena hadi usiku. Majora ya kitambaa cha Japani, laini kisichokunjika, yalikuwa yakinunuliwa na wanawake wa Ghuba kwa mabuibui, na pia wanawake wa Afrika Mashariki kwa magauni. Mama mkubwa alipatana kwa Kihindi cha sokoni alichojifunza utotoni kwa majirani wa Hurumzi, na wenye maduka, wengi wao Wasindhi na Wagujarati, walimpunguzia kwa kumheshimu tu. Niliandika kila kitu katika daftari: jora, doti, darzeni, dirham. Redio kaseti tulinunua chache, kwa sababu zilikuwa nzito. Dhahabu tuliitazama tu.

Jioni mjomba alinieleza mambo ya bandari, na mimi nilikuwa na maswali mengi. Nilitaka kujua kwa nini pale na si kwetu. Alianzia mbali. Mwaka 1894 mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliwaondolea wafanyabiashara wageni kodi. Upande wa pili wa Ghuba, mwanzoni mwa karne iliyofuata, serikali ya Uajemi ikapandisha ushuru katika bandari ya Lingeh, na matajiri wa huko wakahamisha maduka yao na familia zao kuja Dubai. Kisha lulu zikafa: Wajapani walipojua kuzipanda lulu kwenye chaza, soko la wapiga mbizi wa Ghuba likaanguka, na miaka ya 1930 ilikuwa ya njaa. Na hori nayo ikawa inajaa mchanga, majahazi yakikwama mdomoni mwake.

"Sasa sikiliza," mjomba alisema, na huwa nakumbuka alivyoweka kikombe chini. "Mtawala, Sheikh Rashid, alikopa. Alikopa Kuwait, akawauzia na wafanyabiashara hati, akachimba hori. Kazi imekwisha 1961. Mafuta yameonekana lini? 1966. Yameuzwa nje 1969. Umeona? Mchanga umetolewa kwanza."

Hilo ndilo ninalotaka wajukuu zangu walijue kuliko mita zote 828. Watu masikini, wasio na mafuta, waliitazama bahari yao ikifungwa na mchanga, wakakopa ili waifungue. Mafuta yaliwakuta mlango uko wazi. Mimi nilitoka kisiwa ambacho katika karne ya kumi na tisa kilikuwa ndicho mlango wa pwani yote, pembe na karafuu zikitoka, vitambaa vikiingia, na kwa sababu nyingi, nyingine za wakoloni na nyingine zetu wenyewe, mlango ule tuliukuta umerudishwa. Nilimsikiliza mjomba nikiwa na wivu. Wivu ule sijawahi kuuonea haya. Niliupata kwa kuipenda Unguja.

Kwa sensa ya 1985 Dubai ilikuwa na watu kama 370,000. Sensa ya Zanzibar ya 1988 ilihesabu watu kama 640,000. Walikuwa wachache kuliko sisi.

Bastakiya tuliifikia bila kuikusudia. Tulishuka abra upande wa Bur Dubai, tukapita kandokando ya ngome ya Al Fahidi, ambayo iligeuzwa makumbusho mwaka 1971, na mama mkubwa akavutwa na kivuli cha vichochoro. Ni mtaa waliojenga wale wafanyabiashara waliotoka Uajemi, sehemu za Bastak na jirani zake. Nyumba zake zina minara ya upepo, barjeel: mnara wa pande nne, mtupu ndani, uliogawanywa kwa kuta mbili zinazokatizana, ili upepo ukitokea upande wowote ukamatwe na kuteremshwa chumbani. Kabla ya umeme hivyo ndivyo walivyovumilia kiangazi. Nilisimama chini ya mmoja wao. Nje hapakuwa na upepo wa kutikisa jani, na bado shingo yangu ilihisi hewa ikishuka.

Wakati ule wenye nyumba wengi walikuwa wameshahamia majumba mapya, na vyumba vilikuwa vimepangishwa kwa vibarua, wengi katika kila chumba, nguo zao zikianikwa uani. Na mtaa ulikuwa ukibomolewa. Sehemu yake ilikuwa imeshakuwa uwanja mtupu kwa ajili ya majengo mapya ya ofisi. Tuliposogea tuliliona lori likipakiwa kifusi: mawe ya matumbawe, jasi, vipande vya milango yenye nakshi. Pembeni, vumbini, zilitupwa boriti.

Baba yake mama mkubwa, babu yangu, alikuwa mwashi. Alikarabati nyumba za Shangani na Kiponda maisha yake yote. Mama mkubwa alizikaribia zile boriti, akainama, akapangusa vumbi kwa ncha ya buibui, akakwaruza kwa ukucha.

"Huu mkoko," alisema. "Mwanangu, huu mti wa kwetu."

Akapima kwa pima ya mikono yake, kisha akanyoosha kidole kwenye chumba kilichobaki nusu, kuta zake zikiwa wazi kwa jua. Upana wake ulikuwa kama mita tatu na kidogo. Vyumba vya Mji Mkongwe vina upana huo huo, virefu na vyembamba, kwa kuwa mkoko haurefuki zaidi ya hapo ukabaki na nguvu ya kubeba dari la mawe. Nilikuwa nimelala katika chumba cha namna hiyo tangu kuzaliwa, na nilikuwa sijawahi kujiuliza nani alikipimia upana. Sasa nilielewa swali la yule nahodha. Watu walikuwa wamezama matopeni Rufiji, wengine wakafa, ili pale pawe na kivuli, na kijana mwenye kofia ngumu alikuwa akizirusha zile boriti lorini kwa mikono miwili, mbili mbili, bila kujua. Yeye sikumlaumu. Alikuwa kibarua, na pengine alilala katika chumba kama kile.

Mama mkubwa alikaa juu ya jiwe akalia. Nimemwona akilia misibani na harusini. Kwa ajili ya mbao nilimwona siku ile tu.

Bastakiya ilinusurika nusu yake. Mbunifu wa majengo Mwingereza, Rayner Otter, aliyekuwa amekodi nyumba mtaani hapo, alipigania isibomolewe, akamwandikia Mwanamfalme Charles, na Charles alipozuru Dubai mwaka 1989 alitembea katika vichochoro vile akaomba vihifadhiwe. Ubomoaji ukasimamishwa. Nafurahi kwamba nusu imebaki, na bado sijaridhika kwamba ilihitaji jicho la mwanamfalme wa Uingereza kuona kitu ambacho binti wa mwashi wa Kiponda alikiona kwa ukucha wake miaka mitatu kabla. Na sisemi haya kuwacheka watu wa Dubai. Miaka ile ile nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zikianguka zenyewe mvua za masika zinapozidi, kwa kukosa chokaa na kukosa mtu wa kuzipanda paa. Wao walibomoa kwa kuwa na fedha, sisi tuliangukiwa kwa kutokuwa nazo, na boriti zilizolala kwenye vifusi vyote viwili zilitoka mto mmoja.

Nilirudi pale mwaka 2019, nikiwa na binti wa binti yangu, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi huko. Tulikwenda kwa metro, iliyofunguliwa 2009, tukatembea katika mtaa ambao sasa unaitwa Al Fahidi, umetiwa jasi mpya, una majumba ya sanaa na mikahawa. Niliinua uso kutazama dari la kila chumba tulichoingia. Boriti zipo. Mjukuu wangu alidhani shingo inaniuma.

Nirudi mwaka 1986. Ijumaa mjomba alitupitisha Nasser Square, uwanja wa Deira ambao siku hizi ni Baniyas Square. Siku hiyo ya mapumziko ulijaa wanaume tupu, maelfu, wa Kerala, wa Pakistan, wa Bangladesh, kila kundi na kona yake, wakibadilishana habari za vijiji vyao. Nilitafuta mwanamke, nikaona wawili watatu tu. Jirani yetu katika jengo, mtu wa Kerala aliyekuwa akiuza chai, alikuwa na redio kaseti ndogo ambayo hakuitumia kusikiliza nyimbo. Alikuwa akijirekodi. Mkewe hakujua kusoma, kwa hiyo alimtumia barua ya sauti, upande mmoja wa kaseti kila mwezi, naye mke akamjibu upande wa pili. Watu wengi wa kwao walifanya hivyo. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia akizungumza taratibu na mtu asiyekuwepo, akinyamaza kidogo kana kwamba amempa nafasi ya kujibu, kisha akaendelea. Alikuwa hajaenda nyumbani kwa muda mrefu. Pasi yake ilikuwa kwa mwajiri wake, kama zilivyokuwa za wengi, na likizo ilikuwa neno la mwajiri.

Mama mkubwa alipendezwa na jambo lile, akataka na sisi tumrekodie mama. Tulikaa sakafuni, tukabonyeza, na mwanamke yule aliyewashinda kwa maneno wauzaji wote wa Bur Dubai akakosa la kusema. Mwishowe akaanza kumtajia mama bei za vitambaa.

Kila ninaposikia watu wakisema fulani aliijenga Dubai, nawakumbuka wanaume wa uwanja ule. Walifanya kazi juani wakati ambapo sheria ya kusimamisha kazi za nje mchana wa kiangazi ilikuwa bado haijaletwa. Waliosimamisha lile jengo la ghorofa 39, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1979, hawakuchorwa popote. Jengo lenyewe liliwekwa kwenye noti ya dirham 100, upande wa nyuma, na ngome ya Al Fahidi upande wa mbele. Noti hiyo nimeishika mara nyingi.

Jangwa lenyewe tuliliona siku mjomba alipopata gari la rafiki yake akatupeleka Jebel Ali. Ukishapita lile jengo la ghorofa 39, Trade Centre, mji ulikwisha, kabisa, na barabara ya Abu Dhabi ikaingia kwenye weupe usio na kitu: mchanga, nguzo za umeme, ngamia wakivuka kwa mwendo wao. Barabara ile leo ina maghorofa pande zote mbili kiasi kwamba upepo wa bahari hauuoni mji. Jebel Ali ilikuwa bandari ya gati 67, iliyochongwa kwenye ufuo mtupu na kuzinduliwa mwaka ule ule wa 1979, na nilipoiona gati nyingi zilikuwa hazina meli. Winchi zimesimama. Mwaka 1985 walikuwa wametangaza eneo huru la biashara hapo, na kampuni zilizoingia zilikuwa bado chache. Bei ya mafuta nayo mwaka ule wa 1986 ilikuwa imeporomoka. Wenzake mjomba bandarini walisema Sheikh amechimba bandari ya kuwahifadhia samaki. Mjomba hakucheka nao. Alituonyesha kiwanda cha alumini kilicho jirani, ambacho mitambo yake ya umeme ilisafisha pia maji ya bahari yakawa ya kunywa.

"Hayo ndiyo mnayokunywa nyumbani," alisema. "Huku bahari ndiyo kisima."

Jioni ya Alhamisi familia za Wazanzibari zilitoka mjini kwenda mchangani, magari kadhaa kwa pamoja, mikeka, majiko ya makaa, mishkaki na sufuria la urojo lililofungwa kwa khanga lisimwagike. Tuliketi kwenye tuta lililokuwa jekundu jua lilipolala. Mchanga ulipoa haraka. Mchana haukanyagiki, na Isha ilipoingia nilijifunika. Mtu aliweka kaseti ya taarab ya Ikhwani Safaa. Watoto, waliozaliwa Dubai, walikimbizana wakiitana kwa Kiarabu na wakagombezwa kwa Kiswahili. Wazee waliulizana habari za watu wa Mkunazini na Vuga kama walioachana nao juzi. Mjomba aliniuliza kama Forodhani bado watu wanakwenda kupunga upepo jioni, nikamwambia wanakwenda. Akaniuliza wanakaa upande gani, nikamwambia. Akataka kujua kama ule ukuta wa baharini wa karibu na Beit el-Ajaib umetengenezwa. Nilimjibu kila alichouliza, naye akauliza hata vitu ambavyo alijua mimi siwezi kuvijua, kwa kuwa vilikuwepo kabla sijazaliwa. Alifariki Dubai bila kurudi. Kabla ya hapo nilipata fursa mara nyingi ya kumweleza Forodhani kwa simu, na sikuchoka.

Mzigo wetu ulipelekwa kwa meli hadi Mombasa, ukavushwa kwa jahazi hadi Malindi ya Unguja. Kwenye forodha ya mizigo kulikuwa na maneno mengi, na ushuru ulitupunguzia faida. Lakini Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, majora yote yalikuwa yameshakatwa, na Idd ile nilihesabu magauni yetu Mnazi Mmoja nikapoteza hesabu. Mama mkubwa alizikomboa bangili mbili kwa sonara aliyemuuzia. Nyingine alikataa kuzikomboa, akasema fedha ile ina kazi. Mwaka uliofuata alikwenda Dubai tena, na mara hii alifuatana na wanawake wa mtaa wetu, kila mmoja na orodha yake. Mimi nilibaki Unguja, nimeolewa, nikawashikia hesabu wote.